Majeshi ya Kigeni: Yaondoke au Yabaki?



Kuna swali linalorudi kila mara katika vikao vya mazungumzo, kuanzia Ituri hadi Uvira: "Hawa askari wa nje, waende kwao au wabaki?" Likishaulizwa, ukumbi hugawanyika. Mmoja husema: wamekaa miaka na miaka, tumepata faida gani? Mwingine hujibu: siku watakapoondoka, nani atalala usingizi? Wote wawili husema kweli, kwa sababu kila mmoja anakumbuka siku yake. Wa kwanza anakumbuka siku ambayo askari walikuwepo na hawakufanya kitu. Wa pili anakumbuka siku ambayo askari walipanda magari, wakaenda, na usiku huohuo milango ikavunjwa.

Swali hilohilo huulizwa pia mbali na kwetu, katika mabunge na magazeti ya nchi zinazotuma askari. Kule linaulizwa na watu ambao hawajapita njia ya Sake hata siku moja, lakini wana mtoto wao aliyetumwa huko. Uamuzi hufanyika kule, matokeo hufika hapa. Kwa hiyo tumeona yafaa, katika makala haya, tueleze jinsi uamuzi wa namna hii unavyofanyika, yaliyotokea mashariki mwa Kongo kila mara ulipofanyika, na maswali ambayo raia wana haki ya kuuliza kabla gari la mwisho halijaondoka.

Majeshi si ya aina moja

Mara nyingi mazungumzo yetu yanaharibika mwanzoni kabisa, kwa sababu tunasema "majeshi ya kigeni" kana kwamba ni kitu kimoja. Tangu 1998 Kongo imepokea aina tatu.

Aina ya kwanza ni majeshi yaliyoingia, au yaliyobaki, bila idhini ya serikali. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa majeshi ya Rwanda na Uganda katika vita iliyoanza Agosti 1998. Kuhusu Uganda, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyopo The Hague ilitoa hukumu tarehe 19 Desemba 2005, ikisema kwamba Uganda ilivunja sheria ya mataifa na kwamba huko Ituri ilikuwa mkaliaji wa ardhi ya wengine. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama hiyo iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kama fidia.

Aina ya pili ni majeshi yaliyoitwa na serikali. Zimbabwe, Angola na Namibia zilikuja mwaka 1998 kumsaidia Rais Laurent-Désiré Kabila. Katika miaka ya karibu, jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilifika Kivu ya Kaskazini Novemba 2022 na kuondoka Desemba 2023. Mwezi huohuo wa Desemba 2023 yakaanza kufika majeshi ya SADC, yaani ya Afrika Kusini, Malawi na Tanzania.

Aina ya tatu ni walinda amani wa Umoja wa Mataifa: MONUC tangu 1999, iliyobadilishwa jina kuwa MONUSCO mwaka 2010. Hawa hufanya kazi kwa azimio la Baraza la Usalama, na azimio hilo lina tarehe ya mwisho. Kila mara tarehe inapokaribia, wanachama wa Baraza huketi na kuuliza tena: tuendelee au tufunge?

Tofauti hii ina maana kubwa. Kwa aina ya kwanza, sheria iko wazi: aliyeingia bila ruhusa anatakiwa kutoka. Kwa aina ya pili na ya tatu, aliyewaita anaweza kuwaambia waende, na wenyewe pia wanaweza kuchoka. Lakini kwa aina zote tatu, mwanamke anayeishi karibu na kambi ana swali lake, na halibadiliki: baada yao, nani?

Bunia, Mei 2003

Hakuna mji unaolijibu swali hilo kwa uchungu zaidi kuliko Bunia.

Wanajeshi wa Uganda walikaa Ituri karibu miaka mitano. Mwaka 1999 mkuu wao alitangaza jimbo jipya na kumteua gavana, ingawa hakuwa na haki ya kufanya hivyo. Walitoa silaha na mafunzo, mara kwa kundi hili, mara kwa kundi lile. Ugomvi wa mashamba kati ya Wahema na Walendu, ambao wazee walikuwa wakiujua na kuutuliza kwa namna zao, ukageuka vita vya bunduki. Kwa hiyo, kusema kwamba jeshi hilo liondoke kulikuwa ni kudai haki.

Tarehe 6 Septemba 2002 Kongo na Uganda walitia sahihi mapatano ya Luanda. Mapatano hayo yalikuwa na jambo moja la busara: kabla ya askari kuondoka Bunia, iundwe Tume ya Kutuliza Ituri, ambamo jamii zenyewe zingekubaliana juu ya utawala wa mji. Lakini tume ilichelewa. Ilikutana Aprili 2003, na mapema Mei askari wa mwisho wa Uganda walikuwa wakiondoka Bunia. Kazi iliyohitaji miezi ikapewa majuma machache.

Umoja wa Mataifa ulikuwa na kikosi cha Uruguay, askari wapatao 700, ambao hawakuletwa kwa ajili ya kupigana. Wanamgambo wa pande mbili wakaanza kuugombania mji. Tarehe 12 Mei wapiganaji wa UPC waliuteka. Mamia ya raia waliuawa, wengi kwa sababu ya kabila lao tu. Maelfu walikimbilia kwenye jengo la MONUC na kwenye kiwanja cha ndege, wakalala chini ya maturubai. Wengine waliwafuata askari waliokuwa wakiondoka, hadi Uganda. Fikirini jambo hilo: watu walilifuata jeshi lililokuwa limewaletea silaha, kwa sababu barabara iliyokuwa nyuma yake ilionekana hatari zaidi.

Tarehe 30 Mei 2003 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 1484, na jeshi la Umoja wa Ulaya likiongozwa na Ufaransa, lililoitwa Artemis, likafika mwezi Juni. Lilituliza mji. Lakini ruhusa yake iliishia ndani ya Bunia na hadi tarehe 1 Septemba tu, na vijijini mauaji yaliendelea. Baada yake MONUC ilipewa nguvu zaidi kwa azimio 1493 la Julai 2003 na ikaleta brigedi nzima Ituri.

Je, Uganda ingebaki? Hapana, hatusemi hivyo. Jeshi ambalo ni sehemu ya ugonjwa haliwezi kuitwa dawa. Tunachosema ni kwamba kila mtu alijua tarehe ya kuondoka, na hakuna aliyetayarisha siku ya pili yake.

Uvira ilikuwa imekwisha kuonja jambo hilo. Rwanda na Kongo walipatana Pretoria tarehe 30 Julai 2002, na mwanzoni mwa Oktoba Rwanda ilitangaza kwamba majeshi yake yametoka. Kabla mwezi haujaisha, Uvira ilikuwa imetekwa na Mai-Mai kisha ikarudishwa na RCD. Raia walilipa mara mbili kwa mwezi mmoja.

Kuwepo peke yake si ulinzi

Wale wanaosema "waende" nao wana ushahidi wao, nasi hatuna haki ya kuuficha.

Juni 2000, Rwanda na Uganda walipigana wao kwa wao katikati ya Kisangani kwa siku sita, wakitupa mabomu mitaani. Raia waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Juni 2004, waasi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliingia Bukavu huku MONUC ikiwa mjini. Novemba 2012, M23 waliingia Goma huku askari wa MONUSCO wakitazama. Julai 2022, hasira za miaka mingi zililipuka katika maandamano ya Goma, Butembo na kwingineko. Watu wengi waliuawa, raia na walinda amani pia.

Lakini kuna mfano mwingine. Machi 2013, kwa azimio 2098, Baraza la Usalama liliunda brigedi maalumu ya askari wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, yenye ruhusa ya kushambulia. Pamoja na jeshi la Kongo, waliishinda M23 Novemba mwaka huo. Hapo askari wa nje walifaa. Hata hivyo mambo yaliyoahidiwa baada ya ushindi, hasa kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kiraia na kuzungumzia chanzo cha vita, yalikwama kwa miaka. Novemba 2021 M23 walianza vita tena. Bunduki ilifungua mlango wa amani, lakini hakuna aliyepita.

Uchungu wa wanaotuma

Sasa tutazame upande wa pili wa swali, maana raia wa Kongo mara nyingi hawasikii mazungumzo ya kule.

Januari 2025, vita vilipokaribia Sake na Goma, askari 14 wa Afrika Kusini waliuawa katika siku chache. Malawi na Tanzania pia zilipoteza watoto wao. Goma ikaanguka mwishoni mwa mwezi huo, na askari wa SADC waliosalia wakabaki wamezingirwa katika kambi zao. Tarehe 5 Februari rais wa Malawi aliliamuru jeshi lake lijitayarishe kurudi. Tarehe 13 Machi viongozi wa SADC walifuta jukumu la kikosi chao, na tarehe 29 Aprili magari ya kwanza yalianza safari kupitia Rwanda kuelekea Tanzania.

Kabla ya uamuzi huo, mabishano yalikuwa makali, na hoja zilikuwa nne.

Hoja ya kwanza: watoto wetu wanakufa katika vita ambavyo hatuelewi mwisho wake. Hii ni hoja ya wazazi, na inastahili heshima. Mama aliyepokea jeneza kutoka Goma na mama aliyezika mwanawe Mugunga wanalia kilio kimoja.

Hoja ya pili: tukiondoka, waliokufa watakuwa wamekufa bure. Hoja hii inagusa moyo, lakini yafaa tuipime kwa utulivu. Damu iliyokwisha kumwagika haiwezi kutuambia la kufanya kesho. Waliokufa wanaheshimiwa kwa kuangalia kama walio hai, askari na raia, watalindwa vizuri zaidi kwa kubaki au kwa kuondoka. Wengine huitumia hoja hii kwa kukwepa kukiri kosa, na hivyo majeneza yanaongezeka.

Hoja ya tatu: tumetuma askari wachache mno, bila ndege na bila silaha za kutosha, kwa hiyo hawawezi kushinda wala kulinda. Hoja hii ni ya kweli mara nyingi. Lakini ina majibu mawili: kuwaondoa au kuwatosheleza. Anayeitumia aseme wazi anataka lipi.

Hoja ya nne: vita hivi havitaishia uwanjani, vitaishia mezani. Nayo ni kweli. Lakini meza haifukuzi mpiganaji aliye mlangoni pa mtu usiku. Tarehe 27 Juni 2025 Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano Washington, na tarehe 4 Desemba marais wao walikutana huko kuyathibitisha. Siku sita baadaye, M23 waliingia Uvira. Mezani kulikuwa na kalamu, na wakati huohuo barabara ya Kamanyola ilikuwa imejaa watu wenye magodoro kichwani.

Kivu ya Kusini, Juni 2024

Walinda amani nao wamekwisha kuondoka mahali pamoja. Serikali ya Kongo iliomba, na kwa azimio 2717 la Desemba 2023 Baraza la Usalama lilikubali kwamba MONUSCO iondoke hatua kwa hatua. Februari 2024 kambi ya Kamanyola ilikabidhiwa polisi ya Kongo, na tarehe 30 Juni 2024 kazi ya MONUSCO Kivu ya Kusini ilikwisha.

Mpango huo ulikuwa na jambo jema kuliko ule wa 2003: ulikuwa na hatua, tarehe, na jina la atakayepokea kila kambi. Lakini kukabidhi jengo ni kazi ya siku moja. Kukabidhi imani ya watu ni kazi ya miaka. Polisi anayepokea kambi bila gari, bila redio ya mawasiliano na bila mshahara wa uhakika amepokea kuta tu. Mwezi Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa M23. Hatuwezi kusema kwamba ingekuwa tofauti kama walinda amani wangekuwepo, maana Goma walikuwepo nayo ikaanguka. Tunaweza kusema tu kwamba pengo lilikuwepo, na kila mwenye bunduki aliliona.

Maswali matano kabla ya gari la mwisho

Kutokana na historia hii, tumeweka pamoja maswali matano. Tunawaomba viongozi wa shirika la raia, wa dini na wa kimila wawaulize wanaoamua, kwa barua, redioni na katika mikutano.

1. Nani atalinda barabara, soko na kambi ya wakimbizi siku ya pili? Litajwe jina la kikosi, idadi yake na vifaa vyake. Jibu la "serikali" peke yake halitoshi.

2. Je, majirani wamekwisha kuzungumza? Bunia inatufundisha kwamba mazungumzo ya jamii yatangulie kuondoka, na yapewe muda wa kutosha.

3. Kuondoka kunategemea tarehe au hali? Tarehe bila masharti humwambia mwenye bunduki asubiri tu. Masharti bila tarehe humwambia mgeni akae milele. Mpango mzuri una vyote viwili.

4. Nani anajua? Raia wakisikia habari kwa uvumi, hukimbia kabla ya hatari au baada yake. Ratiba ya kuondoka itangazwe kwa lugha za watu, nao waambiwe namba ya kupiga na mahali pa kukimbilia.

5. Walioishi karibu na kambi watapata ulinzi gani? Hili husahauliwa sana. Kuna wakalimani, wapishi, wafuaji, wauza ndizi. Kuna wasichana waliozaa na askari, na watoto ambao baba yao amekwenda. Jeshi likiondoka, watu hao huitwa wasaliti. Kisasi huanzia kwao, kwa sababu wako karibu na hawana silaha.

Swali la tano halihitaji Baraza la Usalama. Linaweza kujibiwa mtaani. Mkuu wa kijiji anaweza kusema mbele ya watu wote kwamba hakuna atakayeguswa kwa sababu ya kazi aliyoifanya au mtoto aliyemzaa. Padri, mchungaji na imamu wanaweza kusema hivyohivyo siku ileile. Wamama wanaweza kupanga nani atampokea nani nyumbani ikiwa usiku utakuwa mbaya. Kamati za amani zinaweza kuwa na orodha ya watu walio hatarini, na kuiweka mahali pa siri.

Msimamo wetu

Wasomaji hutuuliza: na ninyi, mnasema waondoke au wabaki?

Jeshi lililoingia bila idhini, liondoke. Juu ya hilo hatuna mashaka. Jeshi lililoitwa, ambalo halilindi raia wala halina uwezo wa kuwalinda, lisibaki kwa aibu tu ya kuondoka. Lakini hakuna jeshi, la aina yoyote, lenye haki ya kuondoka kama mwizi, usiku, bila kuwaambia wale waliokuwa wamelala kwa kulitegemea. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni asiyeweza kumponya mwenyeji, angalau asimwache mlango wazi.

Tunajua pia kwamba siku moja askari wote wa nje wataondoka, na hilo ni jambo jema. Hakuna nchi inayolindwa milele na watoto wa wengine. Siku hiyo itakuwa nzuri au mbaya kwa kadiri tutakavyoitayarisha sasa, pamoja na jirani tunayemwogopa.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

Soma makala haya kwa sauti kikundini, kisha zungumzeni:

- Katika kijiji au mtaa wetu, ni lini jeshi la nje liliondoka? Usiku wa kwanza ulikuwaje?
- Nani alipata shida zaidi baada ya hapo, na nani alimsaidia?
- Ikiwa kambi iliyo karibu nasi itafungwa mwezi ujao, tungetaka kuzungumza na nani kwanza? Kitu gani kinatuzuia kuzungumza naye juma hili?